Jembe Nyumbani, Kipande Tanga

Kabla shilingi haijapanda milima ya Lugarawa, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mali ya Mpangwa ilitoka ardhini na kupita motoni. Wapangwa walikuwa wahunzi. Tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma lilijengwa kwa udongo, mbali kidogo na nyumba za watu, na mivukuto ikapigwa kwa zamu bila kuacha moto upoe. Waliokuwa kazini hawakulala na wake zao mpaka chuma kitoke, kwa sababu tanuru lenyewe lilichukuliwa kuwa ni mwanamke, na kuyeyusha chuma kulikuwa ni kuzalisha. Randi Barndon, mwanaakiolojia kutoka Norway, ameandika kwa kirefu juu ya miiko hiyo kwa Wapangwa na kwa Wafipa. Anayesoma maelezo yake haoni kiwanda. Anaona uzazi, dawa, na hofu ya watu wanaojua kwamba kosa dogo la mmoja litaharibu jasho la wote. Bonge lililotoka lilisafishwa, likafuliwa, likawa jembe.

Jembe hilo lililima, na halikuishia kwenye kulima. Lilitolewa mahari. Lililipa faini. Lilibadilishwa kwa mbuzi, kwa chumvi, na kwa vyungu vya Wakisi, vilivyofinyangwa na wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa na kuletwa kwa mitumbwi hadi kwenye magulio ya pwani ya ziwa. Mwenye majembe ya ziada ndani alikuwa na akiba isiyooza wala kuliwa na panya, na lililochakaa lilirudi kwa mhunzi likatoka kisu au shoka. Isidhaniwe kwamba ulikuwa ulimwengu wa usawa. Wazee wenye majembe na mifugo ndio walioamua kijana gani aoe na lini, na kijana asiye na baba mwenye mali alingoja hadi ndevu zianze mvi. Lakini hata huyo alijua pa kwenda: tanuru lilikuwa mlima wa pili, na mwenye tanuru alikuwa mjomba wa mtu.

Fedha iliyokuja kuchukua nafasi ya jembe haikuwa na tanuru Upangwa.

Ilikuja na Wajerumani, na ilikuja kwa jina la kodi. Novemba 1897 Gavana Eduard von Liebert alitoa sheria ya kodi ya nyumba kwa koloni lote, na ukusanyaji ukaanza mwaka uliofuata. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni maboma yalipokea nafaka na mifugo, na asiyekuwa na kitu alilipa kwa siku za kazi za barabara na ujenzi. Kadiri miaka ilivyokwenda maofisa walikaza uzi: walitaka sarafu. Wala hawakulificha lengo la pili la kodi hiyo. Serikali ilihitaji mapato, ni kweli, lakini walowezi wa Tanga na Usambara walihitaji mikono, na mtu mwenye shamba lake, mke wake na ng'ombe wake haoni sababu ya kwenda kumlimia mgeni. Kodi ndiyo ingekuwa sababu.

Hapo historia ya fedha Upangwa inakwenda kinyume na simulizi la vitabu vya uchumi. Vitabu husema watu walibadilishana vitu kwa vitu, wakaona taabu, wakabuni fedha ili soko liende vizuri. Milimani huku deni lilifika kwanza. Mtu alidaiwa rupia kabla hajaona duka ambamo rupia ingemnunulia chochote, na kabla hajapata mteja ambaye angempa rupia kwa ulezi wake. Soko lilifuata nyuma ya kodi, tena kwa kuchechemea.

Mwaka 1905 Wapangwa na jirani zao Wabena waliingia katika Vita vya Maji Maji, na Septemba ya mwaka huo misheni ya Walutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa. Kodi na kazi za lazima zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vita hivyo kote kusini. Majibu ya Wajerumani yanajulikana: maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, mifugo ikatwaliwa, kisha njaa ikaachwa imalize kilichobaki. Kwa historia ya fedha kuna jambo moja la kuangaliwa hapo. Familia zilizotoka katika njaa ile hazikuwa tena na mbuzi wa kuuza wala akiba ya kuanzia, na mkusanyaji wa kodi alirudi kama kawaida.

Halafu ikaja vita ya wakubwa, Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walipokatiwa bahari walianza kutengeneza fedha wenyewe. Mwaka 1916 huko Tabora walipiga sarafu za shaba za hela 5 na hela 20, wakitumia hata maganda ya risasi za mizinga, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Wakachapa pia noti za muda, na mwisho kabisa, wakiwa porini, noti za kupigwa mhuri wa mpira kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Dhahabu ile leo inagombewa na wakusanyaji wa sarafu duniani. Karatasi ndizo zilizobaki mikononi mwa watu, na utawala uliozitoa ukaondoka. Majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yalipita Njombe mwaka 1916 yakielekea Iringa. Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, naye alikatiza Ubena akielekea Rodesia ya Kaskazini. Kila upande ulichukua chakula na wapagazi. Mtu wa milimani aliyeona majeshi mawili na fedha za aina tatu ndani ya miaka minne alikuwa na kila sababu ya kuliamini jembe lake.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, ikatumika rupia ya Kihindi. Mwaka 1920 ikatoka florini, ikafa kabla watu hawajaizoea, na tangu 1921 ikaanza shilingi ya Afrika Mashariki. Kenya badiliko hilo lilileta vurugu kubwa zaidi: waajiri walitumia msukosuko wa miaka hiyo kukata mishahara kwa theluthi moja, Harry Thuku akasimama kupinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokwenda kumdai Nairobi wakapigwa risasi. Tanganyika kelele zilikuwa ndogo, kwa sababu wenye mishahara walikuwa wachache na wametawanyika.

Shilingi yenyewe ilikuwa nzuri kutazama. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Iling'aa kama fedha, ingawa fedha halisi ndani yake ilikuwa robo tu. Senti ndogo, za moja, tano na kumi, zilitobolewa katikati, na hilo lilikuwa jambo la busara kwa watu wasio na mifuko: zilitungwa kwenye kamba, zikafungwa kiunoni au zikaning'inizwa ndani. Hesabu ya utajiri ikawa urefu wa kamba.

Lakini idadi ya sarafu zilizoweza kufika Lugarawa haikuamuliwa Lugarawa, wala Njombe, wala Dar es Salaam. Shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwisho wa 1919 na kukaa London hadi 1960. Kanuni yake ilikuwa kwamba shilingi iegemee pauni. Ili sarafu mpya ziingie katika mzunguko, pauni ziwekwe kwanza London, na pauni zilipatikana kwa kuuza nje: katani, kahawa, pamba. Nchi iliuza katani, bodi ikatoa sarafu, mwajiri akalipa mshahara, na mshahara ukarudi bomani kama kodi. Sehemu isiyouza kitu nje ilikuwa pembezoni mwa mzunguko huo. Upangwa haukuwa na reli. Barabara zilikuwa mbovu, na bandari ya Manda iliangalia ziwa, si bahari. Gunia la mahindi kutoka milimani lingekuwa limekula thamani yake yote kwa nauli kabla halijafika Iringa. Kitu pekee kilichoweza kujisafirisha chenyewe hadi penye fedha ni mwanamume mwenye miguu miwili.

Na walikwenda. Waingereza walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Mwenye wake watatu alitozwa nyumba tatu. Sera ya Gavana Donald Cameron ya mwaka 1926 ikawakabidhi watawala wa kienyeji kazi ya kukusanya, na sehemu ya makusanyo ikabaki katika hazina zao. Kwa hiyo aliyegonga mlango sasa alikuwa mtu wa ukoo, anayejua mlango wa nyuma uko wapi. Asiye na stakabadhi alikimbilia vichakani au alilipa kwa kuchimba barabara. Wengine wakafunga mzigo.

Njia mbili zilikuwa maarufu. Ya kwanza ilielekea Lupa, huko Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922 na katika miaka ya 1930 ikavuta wachimbaji wadogo wa Kizungu kwa mamia. Lupa ilikuwa karibu, na kijana aliweza kwenda na kurudi kwa miguu, ila mwajiri mwenyewe mara nyingi alikuwa mbahatishaji: akipata dhahabu analipa, asipopata anatoweka usiku. Njia ya pili ilikuwa ndefu na yenye uhakika zaidi. Ilikwenda Tanga, kwenye mkonge.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote ya Tanga, Muheza, Korogwe na Kilosa yakazaliwa na miche hiyo. Zao hilo halihitaji mvua nyingi. Linahitaji watu. Kila jani hukatwa kwa mkono, na baada ya masaa machache lazima lipite kwenye korona, mashine ya kukamua nyama ya jani na kuacha singa. Wenyeji wa Tanga walikuwa na minazi, mihogo na miji yao. Wachache waliitaka kazi hiyo. Ndipo mawakala wakafuata watu mbali: Burundi, Msumbiji, Kigoma, na nyanda za juu za kusini, Njombe ikiwa moja ya visima vikubwa.

Kijana wa Upangwa aliteremka hadi Njombe kwa miguu, akajiandikisha, akapewa blanketi, akaingia katika hesabu ya manamba, vibarua wa mkataba. Kutoka hapo ni lori hadi kwenye reli ya kati, na garimoshi hadi Morogoro au Kilosa. Ramani ya reli ya wakati huo inastaajabisha kidogo: reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na hakuna aliyeziunganisha. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa tayari huru. Kwa hiyo manamba waliteremshwa wakapandishwa lori tena, na wale wa miaka ya mwanzo walitembea sehemu kubwa ya safari, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani.

Kule kambini maisha yalipimwa kwa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku. Mkataji alipangiwa kazi yake ya siku: majani yafungwe mafungu ya majani 30, mafungu yapangwe kando ya reli ndogo ya shamba, nyapara apite kuhesabu. Ikitimia, nafasi moja inatiwa alama. Isipotimia, kwa sababu ya mvua au homa au mwiba wa ncha ya jani ulioingia gotini, siku hiyo haikuwahi kuwapo. Mshahara ulilipwa nafasi zote 30 zikijaa, na nafasi 30 zingeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Mwezi wa kalenda na mwezi wa kipande havikuwa kitu kimoja. Mtu aliyetia saini ya kidole kwa miezi sita ya vipande alirudi kwao mwezi wa tisa, na mtoto aliyemwacha mgongoni alimkuta anatembea.

Posho ilitolewa: unga, maharage, chumvi. Hiyo ndiyo iliyowafanya waajiri waseme mshahara si mdogo, ukijumlisha na chakula. Hesabu hiyo ina shimo. Posho ilimlisha mwanamume mmoja tu. Mke wake na watoto walikula nini miezi ile tisa? Walikula walicholima. Mwanamke wa Upangwa alishika jembe, sasa mara nyingi jembe la kiwandani lililoletwa na duka la Mhindi, akalima ulezi, mahindi na maharage kwenye miteremko, akafyeka peke yake pori ambalo zamani lilifyekwa na mwanamume. Akizeeka yule mkataji, au akivunjika mguu, angerudi kulishwa na shamba hilo hilo. Mwenye mashamba ya Tanga hakulipia utoto wa mfanyakazi wake wala uzee wake. Kwa maoni ya makala hii, hiyo ndiyo siri ya mkonge kuwa rahisi kule London na New York: sehemu ya gharama yake ililipwa na wanawake wa Njombe, na haikuandikwa kwenye daftari lolote.

Wanawake nao walitafuta senti pale walipoweza. Pombe ya nafaka ilipikwa na kuuzwa, na masika yalipofika mianzi ilikatwa ncha na ulanzi ukakingwa, mtamu asubuhi na mkali jioni. Huenda mapato ya ulanzi yalilipa kodi nyingi kuliko taarifa za wilaya zinavyoonyesha.

Mdororo wa dunia ulioanza 1929 uliufunua mfumo huu ulivyokaa. Bei ya mkonge ilianguka hadi chini ya nusu katika miaka michache, na mishahara ya kipande ikakatwa nayo, hadi karibu nusu mahali pengi. Kodi haikuanguka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo siku za jasho zilizohitajika kupata stakabadhi moja ziliongezeka, wakati mashamba yenyewe yanafukuza watu. Wadaiwa wa kodi walijaa kwenye kazi za barabara za serikali. Mtu aliyekuwa na ulezi ghalani na mbuzi zizini, mwenye afya na asiyedaiwa na jirani yeyote, akawa mkosaji kwa kukosa vipande vichache vya chuma vyenye picha ya mfalme.

Vita Kuu ya Pili iligeuza mambo upya. Wajapani walipotwaa Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, Uingereza ilipoteza nyuzi na mpira wa Asia, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ilikamata watu kwa sheria ya dharura na kuwapeleka mashambani, ikipanga yenyewe bei ya singa na ujira wa mkataji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha, SILABU, ikawa na vituo, malori na makambi ya kulala njiani kutoka nyanda za juu hadi Korogwe. Miaka ya vita vya Korea bei ilipanda kupita kiasi, na mwaka 1951 mkonge peke yake ulileta zaidi ya nusu ya mapato ya mauzo ya nje ya Tanganyika. Mashamba yaliajiri zaidi ya watu laki moja.

Waliporudi walirudi na nini? Blanketi, sufuria, kaniki na khanga, kandili, na kwa waliokaza mkanda, baiskeli iliyosukumwa kupanda mlima kwa sababu haikupandika. Walirudi pia na mahari. Hapo palikuwa na mapinduzi yasiyotangazwa. Kijana mwenye shilingi zake hakulazimika kungoja majembe ya baba wala ng'ombe wa mjomba. Wazee waliona mamlaka yao yanapungua, nao wakajibu kwa akili: wakadai mahari kwa shilingi, na kiwango kikapanda. Ndoa nayo ikawa sababu nyingine ya kwenda. Kodi ilimpeleka mara moja kwa mwaka. Mahari ilimpeleka kwa mikataba miwili mfululizo.

Matanuru ya Wapangwa yalipoa katika miongo hiyo hiyo. Majembe ya kiwandani ya dukani yalikuwa mepesi kupata, na vijana ambao wangepiga mivukuto walikuwa Muheza wakikata majani.

Kazi ya ujira iliyokaribia nyumbani ilichelewa. Wazungu walipanda chai Mufindi, pareto ikaingia milimani, na mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni lilianza kupanda miwati Njombe kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Wenyeji waliotazama miti hiyo ikikua haraka kwenye baridi ya Ubena waliipanda nao, wakauza magome kiwandani na kuni kwa jirani. Sasa mtu aliweza kupata fedha ya kodi kutoka kwenye shamba lake mwenyewe, bila kuliacha. Lugarawa, iliyoko mbali zaidi upande wa Ludewa, haikunufaika sana. Huko misheni ya Kikatoliki, kwa ujenzi, shule na hospitali yake, ilikuwa miongoni mwa waajiri wachache wa karibu.

Uhuru ulipofika mfumo uliporomoka haraka. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilifanya mkataji wa kulipwa nusu asiwezekane tena. Wenye mashamba wakapunguza watu, wakataka wakazi wa kudumu badala ya wasafiri, na SILABU ikafungwa mwaka 1965. Nyuzi za plastiki zikamalizia. Juni 1966 shilingi ya Tanzania ikaanza kutolewa na Benki Kuu ya Tanzania, na mwaka 1969 kodi ya kichwa ikafutwa. Ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na wazee waliokumbuka vichaka vya kujificha wakawaonyesha wajukuu, hadi ilipofutwa tena mwaka 2003.

Si wote waliorudi. Reli ya TAZARA ilipopita Makambako katikati ya miaka ya 1970, safari ya siku nyingi ikawa ya siku moja na usiku, lakini wengi waliokwenda Tanga walikuwa wamekwisha kuoa huko, wamezaa, na wamepata viwanja kando ya kambi za zamani. Vijiji vya Muheza na Korogwe vina familia za asili ya Njombe na Ludewa hadi leo, zikilima mihogo na michungwa katika nchi ambayo babu zao walifika kutafuta shilingi za mwaka mmoja.